Rufaa ya Abdulhalim Kuhusu Behewa la Saifuddin na Nafasi ya Nguzoni

Ndia Kuu, Mombasa,
Jumatatu, Agosti 1948.

Kwa Bwana Valli, muuza bizari, mwenye duka, mwenye baraza iliyo mbele ya duka, na kwa sababu hiyo hakimu wa sisi sote tunaokunywa kahawa hapo baada ya sala ya alasiri.

Bwana Valli unayeheshimiwa,

Nyumba yangu na duka lako zatazamana, na nikipiga chafya wewe huniombea rehema kabla ya mke wangu. Utashangaa basi kwa nini nimekaa kukuandikia badala ya kuvuka njia. Nimeandika kwa sababu kila nikivuka unainama kupima manjano, na hata pasipo mnunuzi unayapima tu. Barua haiwezi kupimiwa manjano. Itabidi uisome.

Natumai wewe u salama, na mkeo Khatijabai yu salama, na lile jino lako la nyuma limekubali kutulia. Mimi si salama, na aliyeniondolea salama ni wewe, kwa hukumu yako ya Jumamosi ya juma lililopita. Nakata rufaa. Najua rufaa hupelekwa kwa mkubwa wa hakimu. Nimeuliza, nikaambiwa mkubwa wako ni Khatijabai, naye amesema haingilii mambo ya wanywa kahawa. Kwa hiyo nairudisha kwako mwenyewe.

Kabla ya malalamiko nitaeleza hali ilivyokuwa, maana najua barua hii utaisoma kwa sauti mbele ya watu, na huenda akawepo mgeni.

Baraza yako inaanzia kwenye nguzo na kuishia kwenye mfereji wa maji machafu. Kaingu muuza kahawa hutokea upande wa Ngomeni na dele lake, lile birika la shaba, kwa hiyo hufika nguzoni kwanza. Na desturi yetu, ambayo hakuna aliyeitunga wala anayethubutu kuivunja, ni kwamba mwenye kikombe cha kwanza ndiye mwenye neno la kwanza. Akimaliza yeye anafuata wa pili, hivyo hivyo mpaka mferejini. Mtu wa mferejini hupata kahawa iliyopoa, yenye machicha, na zamu yake ya kusema hufika watu wakiwa wamesimama wanakung'uta kanzu waende maghrib. Mimi nimekaa nguzoni tangu kabla ya vita. Lile jiwe limeshika umbo langu. Akikaa mtu mwingine huonekana kama amevaa kiatu cha mwenziwe.

Akatokea Saifuddin fundi wa saa, jirani yako ukuta kwa ukuta, akaweka dirishani mwake behewa la kuchezea. Halina injini mbele. Mota yake iko tumboni. Linatembea juu ya reli iliyonyooka, toka pembe hii ya dirisha mpaka pembe ile. Yeye hukaa ndani, betri ya motokaa chini ya meza, kishikio cha chuma mbele yake. Akikisukuma, behewa linakwenda upande wa Ngomeni. Akikivuta, linarudi upande wa Kibokoni. Hayo si kitu. Kilichojaza watu njiani hata punda wa maji akakosa pa kupita ni taa. Behewa likienda Ngomeni, ncha ya mbele inawaka nyeupe na ncha ya nyuma inawaka nyekundu. Likirudi, penye nyeupe panakuwa pekundu na penye nyekundu panakuwa peupe, na hakuna mkono uliogusa behewa.

Watu waligeuka wakanitazama mimi. Na ndiyo haki, maana katika Ndia Kuu nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kushika taa za reli. Nikaeleza kwa upole, kama nilivyofundishwa na akili yangu. Umeme unaingia behewani kwa mbele ukiwa mpya, una nguvu zake, unawaka mweupe. Ukisafiri mpaka nyuma unakuwa umechoka, na kitu kilichochoka huwa chekundu. Tazameni macho ya mlinzi wa bandari asubuhi. Behewa likigeuka, umeme unaingia kwa mlango wa pili, na uchovu unahamia huku. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kaingu alisahau kumimina.

Ndipo Seth Oloo, gadi wa reli, ambaye huja barazani siku zake za mapumziko na miguu mirefu inayoziba nusu ya njia, akasema: "Ami Abdulhalim, na huo umeme ukichoka, si uketi kwanza?"

Mkacheka. Wewe ulicheka ukashika jino. Nikapandwa na hasira, nikaapa mbele ya dele kwamba ikiwa nimekosea nitahama nguzoni niende mferejini. Saifuddin alitoka na lile behewa na kisu chake cha kufungulia saa, akalivua paa hapo hapo juu ya baraza, mbele ya wote. Nawe ukavaa miwani, ukachungulia, ukahukumu kwamba nihamie mferejini mpaka siku nitakayoweza kulieleza behewa lile kwa kinywa changu mwenyewe bila kutaja uchovu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukumu haijakauka midomoni, wewe mwenyewe ukahamia nguzoni. Bwana Valli! Hata huko mahakamani, jaji akimfunga mtu hahamii nyumbani kwake akavaa kanzu yake. Nakuona toka huku mwisho ukijigeuza-geuza kutafuta penye starehe. Hutapata. Lile jiwe linanijua mimi.

2. Mferejini si mahali pa mtu wa makamo yangu. Wachimba bomba la maji wanapita kutwa wakitia njia alama za chokaa, na juzi walinitia alama mimi kwenye kanzu, wakidhani nimo katika mpango. Kahawa ikinifikia imekwisha pumzi. Na kubwa zaidi ni zamu ya kusema. Jana nilianza kusimulia kisa cha tarbushi, sikufika hata Mazeras, mkaondoka. Sasa nitakimaliza hapa, maana hukumu yako ilitaja mahali pa kukaa, haikutaja karatasi.

Ilikuwa gari la jioni kutoka Voi. Mgeni ajue kwamba taa nyekundu ya nyuma si pambo. Mtu wa ishara stesheni huitazama hiyo. Akiiona, ajua garimoshi limepita lote, hakuna behewa lililokatika likaachwa porini. Asipoiona hufunga njia, na nchi nzima husimama. Basi tulipopita Mazeras upepo ukaizima taa yangu. Kiberiti kimelowa, bado kijiti kimoja, na mafuta yamemwagika. Nilivua tarbushi yangu nyekundu, nikasimamisha mshumaa utosini, nikaivaa tena juu yake, nikajining'iniza kwenye ndoana ya behewa la mwisho kwa mkono mmoja, kichwa nyuma, mpaka Makupa. Mtu wa ishara wa Changamwe alivua kofia akanipigia saluti. Oloo huuliza kila mara, "Na nywele zako, Ami?" Ndiyo, Oloo, na nywele zangu. Upara huu mnaoucheka ndio cheti changu cha kazi.

Tena Oloo husema kwamba pale stesheni mimi nilikuwa mchukuzi wa mizigo. Sikatai. Taa si mzigo?

3. Saifuddin amenishinda kwa kutumia mabawabu, jambo ambalo halikuwamo katika kiapo. Nataka ijulikane kwamba nimekwenda dirishani kwake kila siku tangu Jumamosi, si kujifunza, ni kumchunguza, na siri yenyewe ni ndogo hata aibu kuitaja. Kila ncha ya behewa ina globu mbili, moja ya kioo cheupe na moja aliyoipaka rangi nyekundu. Umeme unatoka kwenye betri, unapanda kwa reli moja, unapita behewani, unashuka kwa reli ya pili. Akigeuza kishikio, unapanda kwa ile uliyoshukia na kushuka kwa ile uliyopandia, ndiyo maana hata mota inazunguka kinyume. Sasa, mlangoni pa kila globu ameweka vibati vidogo alivyovitoa katika mashine mbovu ya kuchajia betri, iliyoachwa na wanajeshi. "Hawa ni mabawabu, Ami," aliniambia, "na kila bawabu ana ukaidi wake. Umeme ukija kwa upande aupendao, afungua. Ukija kwa upande wa pili, afunga, hata umbembeleze." Bawabu wa nyeupe ya Ngomeni na bawabu wa nyekundu ya Kibokoni wana ukaidi mmoja. Wale wawili waliobaki wana ukaidi wa kinyume. Basi akisukuma kishikio wanafungua hawa, akivuta wanafungua wale. Hakuna taa inayobadilika rangi, Bwana Valli! Nyeupe ni nyeupe na nyekundu ni nyekundu siku zote. Zinapokezana kulala tu. Hiyo ndiyo hila nzima.

Na sasa nakuuliza wewe hakimu: ikiwa globu mbili zinafanya kazi na mbili zimelala, kilichozilaza ni nini kama si uchovu? Nilisema nini mimi tangu mwanzo?

4. Behewa hili likisimama linakuwa kipofu. Hili nimeliona kwa macho yangu na Saifuddin hawezi kulikana. Akiweka kishikio katikati, umeme unakatika, mota inatulia, na taa zote zinazimika. Kwa mtu wa reli hilo ni jambo la kutisha. Garimoshi lililosimama ndilo linalohitaji taa ya nyuma kuliko linalokimbia, maana linaweza kugongwa kwa nyuma likiwa limelala. Taa ya kweli, garimoshi likigeuza safari, hushushwa na mtu. Mtu huyo hutembea kando ya garimoshi lote, akisalimiana na abiria madirishani, akapewa ndizi hapa na habari za msiba pale, mpaka ncha ya pili, akaitundika, na njia nzima taa ikiwaka mkononi mwake. Bawabu wa bati atapewa ndizi na nani?

Oloo aliposikia hoja hii alisema, "Hapo, Ami, umesema neno." Lakini alilisema kwa sauti ndogo Kaingu akigonganisha vikombe. Naomba aliseme tena.

5. Aibu imeingia mpaka nyumbani. Jana nilipobisha hodi, mke wangu Mejumaa alisimama nyuma ya mlango asifungue, akauliza: "Waja au wenda? Nijue niwashe taa ipi." Nikamwambia naja. Akasema, "Basi subiri bawabu ageuke." Nimesimama nje na samaki mkononi mpaka paka wa mtaa wote wakanijua kwa jina.

6. Na hili ndilo kubwa, Bwana Valli, tena si langu peke yangu. Vua miwani ufikiri. Ikiwa tutakubali kitu kiwe kichwa asubuhi na mkia jioni kwa sababu tu kishikio kimegeuzwa, tutaishia wapi? Tayari mambo yameanza kuharibika. Kule Kizingo motokaa za wakubwa hutoka uani kinyumenyume, taa nyekundu zimetangulia, na hakuna anayewacheka wala kuwahamishia mferejini. Kivuko cha Likoni kinakwenda ng'ambo na mdomo huu na kurudi na mdomo ule, hakigeuki hata kidogo, na watu wazima wenye akili zao wanapanda. Kesho tutabeba jeneza miguu mbele, tukiulizwa tutasema liko njiani kurudi. Kesho kutwa bwana harusi atafika kwa kina bibi harusi kisogo mbele, na mjomba wa mke ajibizane na kisogo. Kichwa kikae kichwa na mkia ukae mkia. Mtu akiwekwa mbele awe wa mbele hata njia ikigeuka, na mahali pa mtu pasihamishwe na mkono wa fundi aliyekaa dukani hajasimama.

Kwa hayo basi naomba yafuatayo, na sioni kwa nini nikataliwe hata moja.

Kwanza, Saifuddin awatoe mabawabu wote, aweke ndani ya behewa mwanasesere mwenye tarbushi nyekundu, na kila behewa likifika pembeni mwa dirisha asimame, aingize mkono, amhamishe mwanasesere huyo kwa heshima toka ncha hii mpaka ile.

Pili, kivuko cha Likoni kigeuzwe kila safari, hata kama abiria watachelewa. Wakichelewa watapata wasaa wa kufikiri.

Tatu, motokaa za Kizingo zitoke mbele. Zisipoweza, zivunjiwe ukuta wa nyuma.

Nne, hapa ndipo rufaa yangu ilipo, na hayo mengine unaweza kuyaahirisha: mimi nirudi nguzoni, nipate kikombe cha kwanza na neno la kwanza, nawe urudi pale pako pa zamani karibu na gunia la pilipili, ulipokuwa ukipendeza.

Usidhani nataka jiwe, Bwana Valli. Sina duka mimi. Sina mtoto wa kunisikiliza, na Mejumaa visa vyangu amevisikia vyote, humalizia mwenyewe kutoka jikoni. Nilicho nacho ni ile nusu saa baina ya kikombe cha kwanza na cha pili. Mtu anayesema mwisho, watu wakitafuta viatu, ni sawa na asiyesema. Ukininyima hiyo nimebaki mchukuzi wa mizigo aliyeungua nywele.

Naifunga barua hapa kwa kuwa karatasi imefika ukingoni, hasira bado. Nisalimie Khatijabai, na umwambie nashukuru kwa kutoingilia. Nisalimie Saifuddin, lakini kwa ukavu. Oloo msalimie miguu tu. Kaingu msalimie kwa moyo mmoja, yeye hana kosa, yeye huanza anapofikia. Na wote walioketi kuanzia nguzoni mpaka kwa mtu aliye jirani yangu, wasalimie kwa zamu zao.

Mimi niliyedhulumiwa, ninayekuombea jino lako,

Abdulhalim, mtu wa taa,
kwa sasa Mferejini.

Nyongeza, Alhamisi.

Bwana Valli, barua hii ilikuwa bado mfukoni kwa kuwa Mejumaa ameficha gundi. Nimeikunjua kuongeza maneno machache.

Kama ujuavyo, tangu Jumanne wachimba bomba wameikata njia upande wa Ngomeni kwa handaki linaloweza kuzika ng'ombe. Kaingu hawezi kupita na dele la moto. Sasa anazunguka kwa nyuma na kutokea Kibokoni, na kitu cha kwanza anachokutana nacho katika baraza yako ni mfereji, na mferejini nimo mimi. Nimepata kikombe cha kwanza Jumanne, kina povu juu. Jumatano vile vile. Leo nimeanza na kisa cha tarbushi, nikafika Mazeras, nikapita Changamwe, nikashuka Makupa, na hapana aliyenyanyuka. Oloo amekunja miguu. Saifuddin ameacha dirisha lake akaja kusikiliza, na kila nilipomeza mate alikuwa akiuliza, "Halafu, Ami?"

Mimi sikuinuka wala sikuhama. Nimekaa pale pale uliponiweka kwa hukumu yako, na kumbe iliyogeuka ni njia.

Kwa hiyo rufaa naifuta yote. Kivuko kiache kiende kitakavyo, na watu wa Kizingo watoke kwa upande wanaoujua. Mabawabu wa Saifuddin wasiguswe, ni watu wa maana sana. Ule ukurasa wenye lalamiko la tatu, nilipoeleza behewa sawasawa, uuchane, ubakize ile sehemu ya mwisho tu nilipotaja uchovu, au uchane wote, ili mtu yeyote asije akasema nimetimiza sharti na sina budi kurudi nguzoni. Sijalielewa behewa. Sitalielewa mpaka bomba limalizike, na wachimbaji wenyewe wameniambia wamekuta mwamba.

Nimekuona leo ukipewa kikombe cha mwisho, ukakichungulia kwa miwani. Usihuzunike, ndugu yangu. Taa nyekundu si aibu, niulize mimi. Kaa vizuri hapo nguzoni, uwake, usisinzie hata nikirefusha kisa, maana bila ya wewe huko nyuma nitajuaje kwamba baraza limefika lote?